Mara Isipitwe Hivi Hivi

Wito kwa wenyeji wa Musoma, Butiama na Bunda, na kwa kila Mtanzania anayesafiri

Basi linalotoka Mwanza likishaiacha Lamadi, abiria wa upande wa kulia huanza kuchungulia madirishani. Hapo barabara kuu inapakana na Hifadhi ya Taifa ya Serengeti, na karibu na lango la Ndabaka si ajabu kuwaona pundamilia na nyumbu wakila majani jirani na lami. Simu hutolewa, picha hupigwa, watoto hupakatwa ili nao waone. Muda si mrefu basi linaingia Bunda, wachuuzi wanayakimbilia madirisha na karanga na maji baridi, kisha safari inaendelea hadi Makutano, na mwisho Musoma. Katika kipande hicho chote cha safari simu huwa zimerudi mifukoni, utadhani yote yaliyostahili kutazamwa yalibaki Ndabaka.

Serengeti ni fahari yetu, na haina haja ya kupunguziwa sifa. Hifadhi ilianzishwa mwaka 1951, ina kilomita za mraba 14,763, na tangu 1981 imo katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Nyumbu zaidi ya milioni moja huizunguka kila mwaka wakifuata mvua na majani mabichi. Lakini wageni wengi wanaokuja kuwaona huingia kwa upande wa Arusha na kurudi kwa njia hiyo hiyo. Wanaondoka nchini bila kufahamu kwamba magharibi ya hifadhi, hadi ufukweni mwa Ziwa Victoria, wanaishi watu wenye lugha, ngoma, historia na mapishi yao. Na tusiwalaumu wageni peke yao. Hata Mtanzania aliyezaliwa Mbeya au Tanga, ukimuuliza habari za mkoa wa Mara, atakutajia Mwalimu Nyerere, atakutajia Wakurya, kisha atanyamaza.

Ndugu msomaji, nakuandikia kukuomba jambo moja. Kama wewe ni mwenyeji wa Mara, zijue habari za kwenu kiasi cha kuweza kumsimulia mgeni. Kama wewe ni Mtanzania wa mkoa mwingine, ukija huku usipite tu: shuka, lala, uliza. Nyumbu wana filamu na vitabu vinavyowasemea dunia nzima. Habari za Wakwaya, Wazanaki na Waikizu zitasimuliwa na wenyewe, la sivyo zitakwenda na wazee wanaozijua.

Tuanzie Musoma, kwa kuwa ndiko magari mengi yanakoishia. Mji umekaa kwenye rasi inayoingia ziwani, na mawe makubwa ya mviringo yamepandiana ufukweni na kwenye vilima. Mgeni anayetaka kuujua mji huu aamke alfajiri aende mwaloni Mwigobero. Atakuta dagaa wakishushwa, madalali wakitaja bei, akina mama wakipanga ndoo. Akipata wa kumweleza, ataambiwa kwamba wavuvi wa dagaa hutoka usiku wa giza, taa zao zikiwavuta samaki juu ya maji, na kwamba mwezi ukiwa mpevu wengi hubaki nyumbani wakishona nyavu. Ataambiwa pia kwamba sangara, samaki aliyeupa mji huu viwanda vya minofu na ajira, si mwenyeji wa ziwa hili. Aliletwa wakati wa ukoloni, miaka ya 1950, akaongezeka, akawala furu wa aina nyingi mno ambao wazee walikua wakiwala. Mzee wa Kikwaya au wa Kijita anayekumbuka ladha ya ngege na furu wa zamani anakumbuka ziwa ambalo wajukuu zake hawajaliona. Hiyo ni historia, na inaweza kusimuliwa mbele ya sahani ya ugali wa muhogo uliochanganywa na mtama, pamoja na sato wa kuchemsha.

Kutoka mwaloni, mgeni aende Mwisenge. Mwaka 1934 kijana wa miaka 12 kutoka Butiama aliandikishwa katika shule ya bweni iliyokuwa hapo, na mwaka 1937 akatoka kwenda Tabora kuendelea na masomo. Kijana huyo alikuwa Kambarage Nyerere. Leo Mwisenge ni shule ya msingi ambamo watoto wa Musoma wanasoma kila siku. Ni jambo kubwa mtoto kukaa darasani kwenye eneo ambalo Rais wa kwanza wa nchi yake alijifunzia kusoma na kuandika. Ni jambo kubwa zaidi mtoto huyo akielezwa na mwalimu wake, naye akaweza kumweleza mgeni.

Musoma ina deni jingine kwa wasafiri. Novemba 1974, Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana katika mji huu ikapitisha Azimio la Musoma. Mpango wa awali ulikuwa watoto wote wa umri wa kwenda shule wapate nafasi ya elimu ya msingi ifikapo 1989. Azimio likasogeza lengo hilo hadi 1977. Miaka mitatu tu. Madarasa yalijengwa kwa nguvu za wananchi, watoto wakasoma kwa zamu, na vijana waliomaliza darasa la saba wakafundishwa ualimu huku wakifundisha wenzao. Haraka hiyo ilikuwa na gharama zake katika ubora, na wanaoijua elimu yetu wanazieleza bila kificho. Hata hivyo Watanzania wengi waliozaliwa mwishoni mwa miaka ya 1960 na katika miaka ya 1970, kuanzia Kigoma hadi Mtwara, waliingia darasa la kwanza kwa sababu ya uamuzi uliofanyika kando ya ziwa hili. Wangapi kati yao wakishuka stendi ya Musoma wanajua kwamba wamefika mahali safari yao ya shule ilipoamuliwa? Tuwaambie.

Sasa twende Butiama. Unarudi njia ya Bunda hadi Makutano, unakunja mashariki, na baada ya muda mfupi unaona vilima vyenye mawe na migomba. Hapo, tarehe 13 Aprili 1922, Mgaya wa Nyang'ombe, mke wa tano wa Chifu Nyerere Burito wa Wazanaki, alijifungua mtoto wa kiume siku ya mvua kubwa, na mtoto akapewa jina la mzimu wa mvua, Kambarage. Hapo hapo, mahali panapoitwa Mwitongo, alizikwa tarehe 23 Oktoba 1999, siku tisa baada ya kufariki London. Makaburi ya wazazi wake yako jirani naye.

Makumbusho ya Mwalimu Julius K. Nyerere yalifunguliwa Butiama mwaka huo huo wa 1999. Ndani yake kuna mavazi yake, fimbo, picha na zawadi alizopewa na watu wa mataifa mbalimbali. Mwitongo kwenyewe kuna makazi yake, pamoja na nyumba aliyojengewa na jeshi mwishoni mwa maisha yake, na kuna mawe ambayo tumbili na pimbi huchezea. Mtu aliyemfahamu Mwalimu kwa hotuba za redioni atakutana hapa na mwanakijiji: mkulima, mcheza bao, msomaji wa vitabu, muumini aliyetunga tenzi za vitabu vya Agano Jipya zikachapishwa 1996. Mwaka 1955, alipoacha ualimu katika shule ya Pugu kwa sababu ya siasa, alirudi hapa kijijini, na miongoni mwa kazi zilizompatia riziki ni kumfundisha Kizanaki padre wa shirika la Maryknoll. Kiongozi aliyekipigania Kiswahili kiwe lugha ya taifa hakukiona Kizanaki kuwa lugha ya kuonewa haya.

Watu wengi hufika Butiama kwa ajili ya kaburi, wakaweka shada, wakapiga picha, wakaondoka. Mimi nawaomba wabaki zaidi, kwa kuwa Butiama ina historia iliyotangulia kuzaliwa kwa Mwalimu. Kabla ya Wajerumani na Waingereza, Wazanaki hawakuwa na chifu mmoja. Mambo yao yaliamuliwa na wazee na marika, kwa mazungumzo yaliyoendelea mpaka watu wakakubaliana. Uchifu kama tunavyousikia leo ulikuzwa na watawala wa kikoloni waliotaka mtu mmoja wa kumtuma na kumdai kodi. Mgeni akielezwa hayo huku akiwa amekaa chini ya mti wa Butiama, ataelewa kwa nini Mwalimu alipozungumza juu ya demokrasia ya Kiafrika alirudia mara nyingi habari za wazee wanaokaa pamoja na kuzungumza. Hakuyatoa vitabuni tu. Alikulia katika jamii iliyoyakumbuka.

Kuna pia msitu wa Muhunda. Ni kichaka cha asili kinachoheshimiwa na Wazanaki kama makao ya mzimu wenye jina hilo, na kwa sababu ya heshima hiyo miti yake haikatwi ovyo. Mgeni asiyeamini mizimu bado ana la kujifunza hapo. Jamii hii ilikuwa na sheria ya kulinda msitu kabla ya kuwapo ofisi yoyote ya misitu, na sheria hiyo imeuacha msitu umesimama.

Kituo cha tatu ni Bunda, mji ambao wasafiri wengi wanaujua kama mahali pa kununua maji na kunyoosha miguu. Bunda ni njia panda ya kweli. Kusini iko barabara ya Mwanza, kaskazini ya Musoma, na mashariki unakwenda Nyamuswa, kwenye nchi ya Waikizu. Magharibi barabara inafuata ziwa kupitia Kibara hadi Kisorya, ambako kivuko kinavusha watu kwenda Ukerewe. Kwa sababu hiyo wilaya hii imewakutanisha Waikizu, Wasizaki, Wajita, Wasukuma, Wakerewe na Wataturu. Siku ya mnada unaweza kusikia lugha za Kibantu na za Kinailoti zikipatana bei ya ng'ombe mmoja, Kiswahili kikiwa mwamuzi.

Ukifika Nyamuswa, muulize mzee habari za Nyakinywa. Simulizi za Waikizu zinamtaja kuwa mwanamke aliyetoka Kanadi, Usukumani, akiwa na ujuzi wa mvua. Alikutana na Isamongo, mwindaji, ambaye yeye alikuwa na moto. Mwenye mvua na mwenye moto wakapimana nguvu, na kutokana na kukutana kwao ikatokea Ikizu. Simulizi hiyo ina matawi mengi, na kila ukoo una namna yake ya kuieleza, lakini Nyakinywa ndiye anayetajwa mwanzoni mwa orodha ya watemi wa Ikizu. Fikiri binti wa Bunda anayesoma kidato cha pili akijua kwamba historia ya nchi ya kwao inaanza na mwanamke. Fikiri akimweleza hivyo mgeni kutoka Nairobi au Muscat, kwa ufasaha na kwa kujiamini.

Huko huko magharibi mwa Serengeti, pamoja na Waikizu, wako Wanata, Waisenye, Waikoma na Wangoreme. Wazee wao waliwinda, walichunga na kulima katika sehemu za nyika ambayo leo ni hifadhi. Wanayo majina ya vilima na vijito, wanajua mahali palipokuwa na makazi na mahali palipofanyiwa matambiko. Mgeni anayeambiwa kwamba Serengeti ni nchi isiyowahi kukaliwa na watu anadanganywa. Tumpe ukweli: nyika ile ilikuwa na wenyewe walioitunza kwa taratibu zao, na mipaka ya hifadhi ilipochorwa baadhi yao walipoteza njia na ardhi. Kusema hivyo si kuipinga hifadhi. Mtu anayeujua ukweli huo huiheshimu hifadhi pamoja na watu waliobeba gharama yake.

Wazee wa Mara walikwisha kutuonyesha kwamba kazi hii inawezekana. Mwaka 2003 mwanahistoria Mmarekani, Jan Bender Shetler, alichapisha kitabu kilichokusanya historia zilizoandikwa na watu wenyewe wa Mara Kusini. Baadhi yao walikuwa wamekaa miaka mingi wakiwahoji wazee na kuandika, bila ufadhili wa mtu. Zile karatasi zilikuwapo kabla ya mgeni kuja. Alichofanya mgeni ni kuziheshimu na kuzifikisha mbali. Nasi tuanze kwa kuheshimu kilichomo majumbani mwetu.

Najua kuna watakaouliza nani atatoka mbali kuja kuangalia mawe, msitu na darasa la zamani. Swali hilo limejibiwa kwa majirani zetu. Bujora, karibu na Mwanza, padre Mkanada David Clement alishirikiana na Wasukuma kujenga makumbusho ya utamaduni wao, na hadi leo watu hufika kuona ngoma, nyumba na vifaa vya watemi. Kila Juni sherehe ya Bulabo huyakutanisha makundi ya Wagalu na Wagika katika mashindano ya ngoma ambayo watu wa Mwanza huyasubiri. Katikati ya miaka ya 1990 Tanzania ilianzisha programu ya utalii wa utamaduni, na vijiji kama Mto wa Mbu vikajifunza kumpokea mgeni aliyekuwa akipita kwenda mbugani, akatembezwa mashambani, akala chakula cha kijiji, akalipa fedha iliyobaki kijijini. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Mara inao wageni wanaopita, inazo simulizi na inavyo vyakula. Kilichobaki ni mpango na moyo.

Wengine wana hofu tofauti, nayo ni ya haki. Wanasema utamaduni ukigeuzwa bidhaa hupoteza heshima, vijana wakabaki kucheza ngoma kwa ajili ya kamera. Jibu liko mikononi mwa wazee. Yako mambo ya kuonyeshwa na yako ya kuachwa. Litungu la Wakurya, lenye nyuzi nane, lipigwe na mgeni asikilize, kwa kuwa limetengenezwa lisikike. Tambiko lisiitishwe kwa sababu kuna basi la watalii. Msituni kwa Muhunda mtu aingie kwa ruhusa na kwa mwenyeji. Jamii ikishakaa ikaamua mipaka hiyo, ikaisema waziwazi, mgeni mwenye adabu ataifuata, na asiye na adabu ataelekezwa.

Tena tusimsimulie mgeni mazuri peke yake. Mkoa wetu umebeba ukeketaji, umebeba wizi wa mifugo, umebeba ugomvi wa koo uliogharimu maisha ya watu. Katika wilaya za Serengeti na Butiama zipo nyumba salama zinazowapokea mabinti wanaokimbia kukeketwa. Mabinti wale na wanawake wanaowalea ni sehemu ya historia ya Mara kama walivyo machifu. Mila ni mali ya watu walio hai, na watu walio hai wana haki ya kuacha inayowaumiza watoto wao na kushika inayowajenga. Mwongozaji anayeweza kueleza hayo bila kuficha na bila kuidhalilisha jamii yake ataaminiwa katika mengine yote.

Basi tugawane kazi.

Walimu na wazazi, safari ya shule ya kwanza iwe ya karibu. Mtoto wa Bunda afike Butiama kabla ya kupelekwa mbali. Mtoto wa Musoma atembezwe Mwisenge na Mwigobero. Kiingilio cha mwanafunzi katika makumbusho ya taifa ni kidogo kuliko cha mgeni wa nje, na gharama kubwa inayobaki ni usafiri, ambao kamati ya shule inaweza kuupangia mapema. Kabla ya kuondoka, kila mtoto aandike maswali yake. Akirudi, aandike alichojibiwa, akisome mbele ya darasa.

Vijana, simu mliyonayo mkononi inaweza kuhifadhi sauti ya bibi kwa saa nzima. Nendeni mkaketi na wazee. Ombeni ruhusa kwanza, na mkikatazwa jambo fulani, liacheni. Mwacheni mzee azungumze kwa lugha yake, iwe Kijita, Kizanaki, Kiikizu au Kisizaki, kisha tafsiri ya Kiswahili ifuate. Msimuulize mwaka gani. Muulizeni ni kabla ya njaa ipi, baada ya nzige wepi, rika gani lilikuwa likitahiriwa, na miaka mtaipata baadaye. Andikeni majina ya mahali kama anavyoyatamka. Wekeni nakala mbili, moja ya familia na moja ya shule au maktaba iliyo karibu. Mzee anayeulizwa maswali asubuhi nzima ana haki ya sukari na sabuni, na ana haki ya kusikilizishwa alichosema ili asahihishe.

Wenye nyumba za wageni, mama lishe, makondakta na vijana wa bodaboda, ninyi ndio watu wa kwanza mgeni anaoonana nao, na mara nyingi ndio pekee. Mgeni akiagiza chakula, mtajieni jina lake na asili yake. Mwambieni michembe ni viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa vikasubiri msimu wa njaa. Mwambieni kichuri kinavyopikwa na kwa nini Mkurya anakienzi. Kondakta, gari likikaribia Makutano, sema kwa sauti: hapa ndipo njia ya Butiama, kwa Mwalimu. Maneno machache tu, na huenda abiria mmoja akashuka.

Halmashauri za Musoma, Butiama na Bunda, tunaomba vibao vya barabarani vyenye maelezo mafupi ya Kiswahili sanifu, tunaomba vyoo safi kwenye vituo vya historia, tunaomba maofisa utamaduni wapewe fungu la kufundisha waongozaji wa kijiji. Tunaomba pia njia hii ya Musoma, Butiama na Bunda itangazwe kama safari moja ya siku tatu: siku ya ziwa na shule, siku ya Mwalimu na Wazanaki, siku ya Ikizu na Ndabaka. Mgeni atakayelala siku mbili zaidi atanunua chakula, atapanda bodaboda, atachukua kikapu. Na ada ya kijiji ikikusanywa, itolewe risiti, isomwe kwenye mkutano wa kijiji, watu waone imejenga nini.

Wana Mara mlioko Dar es Salaam, Mwanza, Arusha na ng'ambo, Desemba mnarudi nyumbani na watoto waliozaliwa mjini. Msiwaache watumie likizo yote sebuleni. Wapelekeni kwenye kaburi la babu yao wakaambiwe alikuwa nani. Wapelekeni Butiama. Wafundisheni salamu ya kwenu hata kama ni moja. Mtoto anayejua anakotoka ataipokea mikoa ya wenzake kwa heshima, kwa kuwa amejifunza kwamba kila mahali pana wenyewe na pana habari.

Nawe msafiri, Mtanzania mwenzetu au mgeni kutoka nje, karibu. Njoo na muda, kwa kuwa mzee wa Kizanaki haanzi simulizi kabla hamjasalimiana na kujuliana hali. Omba ruhusa kabla ya kupiga picha. Tumia mwongozaji wa pale pale kijijini. Uliza hata unachodhani unakijua. Ukirudi kwenu, tutajie kwa majina yetu: sema ulikuwa Mwisenge, Mwitongo, Nyamuswa, ili mwingine naye aulize njia ya kufika.

Kila mwaka tarehe 14 Oktoba taifa zima humkumbuka Mwalimu, na macho ya watu hugeukia Butiama kwa siku moja. Ninaomba mwaka huu kila atakayesoma wito huu awe amekamilisha jambo moja kabla ya siku hiyo. Ukiwa Musoma, mpeleke mtoto mmoja Mwisenge. Ukiwa Butiama, wakusanye majirani mwamue kijiji kiwaonyeshe wageni nini na kiwafiche nini. Ukiwa Bunda, fika Nyamuswa ukarekodi simulizi moja ya mzee mmoja. Ukiwa mbali, weka siku ya Mara katika safari yako ijayo na uilipie nauli mapema. Ukishamaliza, mwambie mwenzako ulichofanya, umwombe naye afanye. Watu mia moja wakifanya hivyo, mgeni atakayeshuka Bunda mwakani na kuuliza kuna nini hapa atapata mtu wa kumjibu, atavutiwa kiti, na mazungumzo yataanza.